Kuitafuta Nasaba Hadi Bara: Mwongozo kwa Familia za Visiwani Zenye Asili ya Kigoma

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba na Mafia kuna neno ambalo hutajwa mara moja na kuachwa: bibi yetu alitoka bara. Ukiuliza bara ya wapi, utaambiwa Kigoma. Ukiuliza Kigoma ya wapi, mazungumzo hugeuzwa. Wazee waliokuwa na habari wanaondoka mmoja mmoja, na vijana wanabaki na jina la mtu mmoja na jina la mji mmoja, basi.

Zipo familia ambazo sasa zinakaa pamoja, ukoo mmoja au koo kadhaa za mtaa mmoja, kukusanya majina na kutafuta walikotoka wazee wao. Makala haya yanaeleza sheria inasemaje juu ya kazi hiyo, na namna ya kuifanya pale asili inapoelekea Kigoma, hasa nyanda za juu za Kibondo na Kasulu. Kwa ufupi, kujua nasaba kwa kadiri ya kuunga udugu ni jambo lililohimizwa. Kujinasibisha na asiyekuwa baba yako ni haramu. Na mwenye kutafuta anatakiwa asimame pale ushahidi wake unaposimama.

Nasaba inatafutwa kwa ajili ya nini?

Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Jamii ya Imam Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu wa damu. Lengo limetajwa hapo hapo. Mwenye kuitafuta nasaba ili ajue ami zake, wajomba zake na watoto wa shangazi zake, yumo ndani ya amri hiyo. Mwenye kuitafuta ili apate cha kujifakharisha mtaani ametoka nje yake, kwani katika Sahihi Muslim kujifakharisha kwa asili na kutukana nasaba za watu vimehesabiwa miongoni mwa mambo ya kijahilia.

Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba kufanywa kwetu mataifa na makabila ni ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Zaidi ya hayo, hukumu kadhaa za sheria zimejengwa juu ya nasaba: nani ni maharimu, nani ni walii wa ndoa, nani anarithi. Asiyemjua ndugu yake anaweza kukosea katika yote matatu.

Aliyetekwa hakupoteza baba

Hapa ndipo penye uzito kwa familia nyingi za visiwani. Mzee akitajwa kuwa alikuja kwa njia ya utumwa, watu huinamisha macho, kana kwamba aibu ni ya aliyetekwa. Matokeo yake familia huficha habari, na nyingine huenda mbali zaidi, zikajipa ukoo wa bwana aliyemmiliki babu yao au ukoo wa mbali usiokuwa wao.

Tumkumbuke Zaid bin Haritha (r.a.). Alikuwa mtoto wa kabila la Kalb. Alitekwa akiwa mdogo katika safari na mama yake, akauzwa katika soko la Ukadh, akafika Makka nyumbani kwa Bibi Khadija (r.a.). Baba yake, Haritha, hakuacha kumtafuta mpaka akapata habari zake na kumfuata Makka. Zaid akachagua kubaki na Mtume (s.a.w.), na watu wakawa wanamwita Zaid bin Muhammad. Kisha ikateremka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, ikaamrisha watu waitwe kwa baba zao, akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Tazama: mlezi wake alikuwa mbora wa viumbe, na juu ya hivyo nasaba yake haikuhamishwa kutoka kwa Haritha wa Kalb.

Aya hiyo hiyo inasema kwamba ambao baba zao hawajulikani, basi ni ndugu zetu katika dini na mawla wetu. Kwa hiyo mwenye kutafuta akafika mahali jina la baba halipatikani, ana pa kusimama kwa heshima. Halazimiki kubuni.

Uhusiano wa bwana na mtumwa aliyemwacha huru unaitwa wala. Ni kifungo cha kisheria, nacho ni kitu kingine kabisa na nasaba. Ukikuta katika hati jina la babu yako limefuatiwa na jina la ukoo wa Kiarabu au wa Kishirazi, usikimbilie kusema babu alikuwa wa ukoo huo. Huenda ni jina la aliyemwacha huru. Vilevile jina "bin Abdallah" au "binti Abdallah" walipewa watu wengi waliosilimu au ambao baba zao hawakujulikana kwa karani. Maana yake ni mja wa Mwenyezi Mungu, na si lazima pawe na mtu aliyeitwa Abdallah.

Upande wa pili kuna watoto wa masuria. Kisheria mtoto wa suria ni huru na nasaba yake ni ya baba yake. Watoto wa Sayyid Said bin Sultan waliotawala Unguja baada yake, kina Majid na Barghash, wote walizaliwa na masuria. Lakini katika familia nyingi upande wa baba umeandikwa mpaka mababu kumi, na upande wa mama umeandikwa "suria" tu. Mama huyo alikuwa na baba, na ndugu, na kijiji. Ndugu zake ni wajomba wa familia hiyo, na hao pia wana haki ya udugu.

"Kigoma" ya babu ni Kigoma ipi?

Kabla ya kufunga safari, kikundi kiamue kwanza neno "Kigoma" lilikuwa na maana gani katika kinywa cha mzee aliyelisema. Liko na maana zisizopungua tatu.

Ya kwanza ni Ujiji. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, kupitia Mpwapwa, Tabora na Uvinza penye chumvi. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Wengi waliopitishwa Ujiji kwenda pwani walitekwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema, ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema ametoka Ujiji kwa sababu ndipo alipouzwa au alipokulia, hali kwao ni Kongo. Huko visiwani wengi wa hawa waliitwa Wamanyema.

Ya pili ni Uha, yaani nyanda za juu. Hii ni nchi ya Waha, iliyokuwa na tawala kadhaa zenye mfalme aitwaye mwami. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Waha hawakuwa wanyonge mbele ya misafara. Stanley alipopita kwao mwaka 1871 alitozwa hongo mara kwa mara mpaka akaamua kutoroka usiku. Kwa hiyo isichukuliwe kuwa kila Mha aliyefika pwani alifika kwa kamba.

Ya tatu ni njia ya kazi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati wa Waingereza nyanda hizo ziligeuzwa kuwa chimbuko la vibarua. Vijana wa Kiha waliandikwa kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Anayetoka Tanga si mbali na Pemba, na vibarua wa bara walikuwa wakivuka kuja kwenye msimu wa karafuu. Babu aliyezaliwa katika miaka ya 1920 au 1930 yumkini alikuja kwa miguu yake, akitafuta riziki, na habari zake zitafutwe huko.

Umri ndio ufunguo. Kokotoa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia miaka 25 hadi 30 kwa kila kizazi, utajua ni njia ipi kati ya hizi inayowezekana.

Mfano wa Kumsenga

Tuchukue mfano. Familia ina jina moja tu alilokuwa akilitaja bibi: Kumsenga. Jina hili ni la kata iliyopo Wilaya ya Kibondo. Mwanzo wa "Ku-" wenyewe ni dalili, kwani katika Kiha huonyesha mahali, na Kibondo ina majina mengine ya sampuli hiyo kama Kumwambu. Mtu aliyezaliwa Kisiwani asingelibuni jina kama hilo. Kwa hiyo hiyo ni habari nzuri, yenye thamani kuliko neno "Kigoma" pekee.

Lakini pana tahadhari tatu.

Kwanza, mfanano wa majina. Ukikuta hati yenye neno "Msenga", usiseme moja kwa moja ni mtu wa Kumsenga. Wasenga ni kabila la upande wa Zambia, nao pia waliguswa na biashara ya utumwa. Karani aliyeandika kwa herufi za Kiarabu alinasa sauti aliyoisikia, na sauti mbili za mbali zinaweza kuandikwa sawa.

Pili, mahali pamehama. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa Kibondo katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kisha mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Kijiji kilichopo leo si lazima kiwe pale alipoishi babu wa babu yako. Makaburi na mashamba ya zamani yanaweza kuwa mlima mwingine kabisa. Waulize wazee wa hapo: kabla ya kuhamishwa, ukoo huu ulikaa wapi?

Tatu, mipaka imebadilika. Wilaya za Kakonko, Buhigwe na Uvinza zilianzishwa mwaka 2012. Mzee akisema Kibondo huenda alikusudia sehemu ambayo leo ni Kakonko, na akisema Kasulu huenda ni Buhigwe.

Na majina ya watu nayo yana kanuni yake. Jina la asili la Kiha, kama la jirani zao Warundi, mara nyingi ni sentensi nzima, na zamani kila mtoto alikuwa na lake, bila kubeba la baba. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo usitafute jina la ukoo kwa mtindo wa visiwani. Uliza ukoo wenyewe.

Kikundi kianze wapi?

Kianze nyumbani. Chagueni mwandishi mmoja muaminifu, na kila mzee aulizwe peke yake kabla ya kukaa pamoja, ili mmoja asimfuate mwenzake. Kwa kila mtu andikeni jina lake, la baba, la mama, mahali, na nani aliyetoa habari hiyo. Ongezeni safu moja ambayo watu husahau: ndugu wa kunyonya. Udugu wa ziwa unaharimisha ndoa kama nasaba, na kwa madhehebu ya Imam Shafii unathibiti kwa kunyonya mara tano ndani ya miaka miwili. Msisahau pia karatasi ya majina ya marehemu inayosomwa katika hitma. Mara nyingi ndiyo orodha kongwe kuliko zote ndani ya nyumba.

Hatua ya pili ni hati za Unguja. Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, zinahifadhi kumbukumbu za mahakama na za serikali za wakati wa Masultani na Waingereza. Amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897 na Sultan Hamoud bin Mohammed, na masuria wakabaki nje yake mpaka amri ya mwaka 1909. Tarehe hizi mbili ziwe kichwani mnapopekua. Kuna pia hati za wakf. Wapo matajiri walioweka nyumba na mashamba wakf na kuwataja kwa majina watu waliowaacha huru, pamoja na vizazi vyao, kuwa wanufaika. Na kwa kuwa aliyemwacha mtu huru humrithi kwa wala pale asipokuwepo asaba wa nasaba, mashauri ya mirathi yaliandika habari za watu wanyonge ambao kwa njia nyingine wasingeandikwa popote. Mtahitaji mtu anayesoma Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Hatua ya tatu ni Dar es Salaam. Nyaraka za Taifa huko zina vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza, vikiwemo vya Kasulu na Kibondo, vyenye habari za koo, watawala na mila. Visomwe kwa hadhari, kwa maana mwandishi alikuwa mgeni na alikuwa na haja zake.

Hatua ya mwisho ni safari. Msiende kama wadai. Jitambulisheni kwa mtendaji wa kijiji, naye awapeleke kwa wazee, wanaume kwa wanawake. Msitangulize fedha, wala msiulize swali lenye jibu ndani yake. Ukisema "Bibi yetu alikuwa wa ukoo fulani, si ndiyo?" mwenyeji muungwana atakujibu ndiyo kwa kukukirimu. Sema unachokijua, kisha nyamaza usikilize. Habari ikithibitishwa na wazee wawili watatu wasiokaa pamoja, ina nguvu. Mafakihi wa Kishafii wamekubali ushahidi wa nasaba kwa habari iliyoenea, lakini wamekusudia habari iliyoenea kweli kwa watu wengi. Neno la mtu mmoja kwa mgeni wa siku moja halifikii hapo.

Maswali yanayojitokeza

*Tukiwakuta ndugu si Waislamu, tufanyeje?* Hili mlitarajie, kwani katika nyanda za juu za Kigoma Wakristo ni wengi. Udugu haukatiki. Asmaa binti Abi Bakr (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake aliyemjia akiwa mshirikina, akaamrishwa amuunge. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Watembeleeni, wasaidieni, wakaribisheni. Kinachokatika ni mirathi, kwa kuwa Muislamu na asiyekuwa Muislamu hawarithiani. Na vitabu vya ubatizo vya parokia zao huweza kuwa na majina ya wazazi mnaowatafuta, wala hakuna ubaya kuomba kuonyeshwa.

*Tukialikwa kwenye tambiko la kuwajulisha wahenga kuwa mmerudi?* Hapo mnashukuru kwa ukarimu na kujitoa kwa adabu. Kuchinja na kuomba kwa ajili ya wafu haturuhusiwi, ila kula chakula cha halali na wenyeji na kuzungumza nao kunaruhusiwa. Waelezeni mapema kabla siku haijafika, ili msiwavunjie heshima mbele ya watu.

*Wazee wa zamani waliofariki kabla ya kufikiwa na Uislamu, hali yao?* Firauni alipomuuliza Nabii Musa (a.s.) kuhusu vizazi vilivyopita, jibu lililomo katika Suratu Taha, aya ya 52, ni kwamba elimu yao iko kwa Mola. Nasi tunaliacha hapo.

*Je, tukigundua jambo, tunaweza kudai mirathi ya zamani?* Daftari la kikundi si hukumu. Mwenye dai apeleke ushahidi wake kwa Kadhi, na asitangaze kabla. Tena ukoo ulioungana kwa ajili ya udugu usigeuzwe kuwa vita vya mashamba.

*Kipimo cha DNA kinafaa?* Kuonyesha kwamba watu wawili wana uhusiano wa mbali ni jambo moja. Kukitumia kuipima au kuikanusha nasaba iliyokwisha kuthibiti kisheria ni jambo jingine. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha 16 huko Makka mwaka 2002, lilizuia hilo la pili. Kabla ya kupima, familia ijiulize ikiwa iko tayari kwa jibu lolote, na imuulize mwanachuoni wake.

*Posa ya binti yetu itaharibika ikijulikana asili yetu?* Hili ndilo linalofungisha wazee midomo. Ni kweli mafakihi wamezungumzia kufu katika ndoa, lakini ni haki ambayo binti na walii wake wanaweza kuisamehe, wala si sharti linalobatilisha ndoa. Mtume (s.a.w.) alimwozesha Zaid, aliyepitia utumwa, kwa Zaynab binti Jahsh, mtoto wa shangazi yake, na akamuelekeza Fatma binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama bin Zaid. Na Abu Dharr (r.a.) alipomkebehi mtu kwa mama yake, aliambiwa kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Mwenye kumkataa kijana mwenye dini na tabia kwa sababu bibi yake alitoka Uha, na ajitazame yeye mwenyewe.

Amana ya daftari

Mtakayoyakusanya ni siri za watu. Yapo yanayofaa kusomwa mbele ya ukoo mzima, na yapo yanayofaa kubaki kwa wahusika. Habari inayomvunjia heshima aliye hai isisambazwe kwa simu. Pale msipokuwa na uhakika, andikeni kuwa hamna uhakika, kwa kuwa vizazi vijavyo vitachukua maandishi yenu kama yalivyo. Katika Bukhari na Muslim imethibiti onyo kali kwa mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali anajua: ameharamishiwa Pepo. Nafasi tupu katika daftari ni salama kuliko jina la kubuni.

Na kama hamna uwezo wa safari, anzeni leo kwa mzee aliye karibu. Kaeni naye baada ya swala ya Alasiri, mumuulize jina la mama wa mama yake, muliandike.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, waliokuja kwa khiari na waliokuja kwa kulazimishwa, na atuunganishe na jamaa zetu kwa kheri.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.